Dhambi ya Lachie Brannock

Alfajiri, nyumba ingali giza, Briony alisikia kijiko kikigonga bakuli jikoni: binti yake Wren keshaamka na wimbo wa timu yao ya mpira, Korongo. Mchana wimbo huo ukapanda nao tramu ya kwenda katikati ya Melbourne.

Mbele yao mzee mwenye skafu ya Nyangumi, mahasimu wa Korongo, alikuwa akimwonyesha jirani yake, mama mwenye kikapu, tiketi. "Onyesho la mwisho la Lachie Brannock. Binti yangu ndiye aliyeinunua, ananisubiri mlangoni. Lakini siendi."

"Kwa nini, bwana?" akauliza yule mama. "Kwani humpendi?"

"Nilimpenda akiimba roki kwenye baa, kifua wazi. Akatunga tangazo la soseji, nikala soseji. Akatunga opera, nikavaa tai. Lakini kuwatungia Korongo wimbo wa timu, na yeye shabiki wa Nyangumi tangu tumboni?"

"Labda alikuwa na njaa."

"Na soseji zote zile?"

Briony akaisukuma skafu ya Korongo ya Wren ndani ya koti, kwa usalama wa taifa.

"Na wimbo wenyewe haufai," mzee akaendelea. "Hebu sikia." Akaimba ubeti wa kwanza kwa dharau. Wa pili, dharau ikapungua. Wa tatu akafumba macho.

Tramu ikasimama mbele ya ukumbi wa onyesho. Mzee akainuka, akaketi, akainuka tena, tiketi mkononi.

Wren akasema kwa sauti, "Mama, babu anaujua wimbo wetu wote."