Mzee Milimita Aaga Tangi la Mawimbi

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, fundi mkuu wa tangi letu la mawimbi, tunamoiga bahari kwa vipimo vidogo, anastaafu tarehe 30 mwezi huu. Kwenye barua za ofisi ana jina refu na cheo kizuri. Humu ndani ni Mzee Milimita, na hata mlinzi wa getini hamjui kwa jina jingine.

Alikuja hapa akiwa seremala kijana, kwa kibarua cha miezi mitatu. Kazi ilikuwa kutengeneza sakafu za mbao za kulaza chini ya tangi, ziige miinuko na miteremko ya chini ya bahari. Miezi mitatu hiyo haijaisha mpaka leo. Amejenga sakafu mia mbili na ushee, zote kwa vipimo vya milimita. Shemeji yetu, mkewe, anasema hata rafu ya jikoni kwao ilipimwa mara tatu kabla chupa ya mafuta haijaruhusiwa kupanda.

Kila baada ya jaribio, maji ya tangi lazima yatulie kabisa. Mzee alisema yanalala, na yakilala hapakuwa na ruhusa ya kukimbia wala kubamiza mlango. Siku moja mkurugenzi aliingia kwa kishindo na wageni wake, akaombwa kwa heshima zote atoke, aingie upya. Aliingia kwa kunyata, viatu mkononi.

Lakini mimi nataka kuisimulia sakafu ya bandarini. Miaka tisa iliyopita, watu wa bandari walituuliza boti ya marubani, ile inayowapeleka wanaoziongoza meli kuingia bandarini, iwe inasubiri wapi. Huko kina cha bahari hupungua ghafla, kama kidato cha ngazi, na wao walipendelea kukaa mara tu baada ya kidato hicho, kwenye kina kifupi. Tulipima wiki tatu. Mawimbi yalipita kwa adabu zao. Mimi niliyesimamia jaribio hilo nikaandika ripoti kwamba mahali hapo hapana neno, nikaichapa, ipelekwe kesho yake asubuhi.

Alasiri ile Mzee aliyatoa maji ili afungue sakafu, akakuta ameiweka nyuma mbele. Upande wenye mteremko mrefu wa taratibu ndio uliokuwa ukiyapokea mawimbi. Kidato kilikuwa kisogoni. Hakuna aliyeona. Angefungua skrubu zake, yakaisha. Badala yake alipanda ngazi, suruali inachuruzika maji, akasimama mbele ya meza yangu na kusema amekosea.

Nilimwomba anyamaze. Naona aibu kuandika hivi, ila ndivyo ilivyokuwa. Nilimwambia tofauti itakuwa ndogo tu. Alinijibu kwamba huenda ni ndogo kweli, basi tuipime tuijue, kisha akashuka kuigeuza sakafu.

Siku nne baadaye tulikuwa kando ya tangi, midomo wazi. Wahenga walisema mbio za sakafuni huishia ukingoni. Kumbe mawimbi, ukingoni ndiko yanakoanzia vituko. Mteremko wa taratibu huyapa nafasi ya kuzoea kina kipya. Kidato huyashtukiza, na mbele kidogo tu ya ukingo yakaanza kuibuka majitu: wimbi moja linapanda zaidi ya maradufu ya wenzake wakubwa, bila hodi. Yalikuwa yanaibuka pale pale nilipoandika hapana neno. Ripoti niliichana, na boti ikapangiwa mahali pengine, nje zaidi, kwenye kina kirefu.

Mzee wetu, asante kwa sakafu zote, na asante zaidi kwa kukataa ombi langu. Nenda ukapumzike na shemeji, mzeeke pamoja kwa afya na furaha, na rafu za jikoni uziache zilivyo.

Na kabla hujaondoka, wasalimie wale watu sita walioketi safu ya mbele kwenye hafla hii ya kukuaga, ambao najua unajiuliza ni wa idara gani. Ni wafanyakazi wa boti ya marubani. Mwaka jana jitu moja liliinuka pale nilipotaka wakae, wao wakalitazama kwa mbali. Wamekuja kukushika mkono.