Bahasha Mia na Thelathini

Benchi la fundi viatu lina miguu mitatu na tofali moja, na anayekaa upande wa tofali hatakiwi kutikisika, la sivyo wote wanamwagikiwa na kahawa. Jioni hiyo alikaa Usafi. Jina lake la kwao lilishasahaulika. Huyu ni mzee anayepanga hata vikombe vya wenzake. Kwa miezi miwili alikuwa akitunza stoo ya kituo cha utafiti wa maharage, kwa majaribio tu, na kesho asubuhi daktari mwenye utafiti angerudi kutoka safarini amwambie kama ameajiriwa au basi. Alikuwa amepakata mfuko wa plastiki na roho haikuwa mahali pake.

— Hebu sema polepole, alisema Fundi huku anatia uzi kwenye sindano. Umefanya nini?

— Nimepanga stoo. Kulikuwa na bahasha mia na thelathini, kila moja maharage kiganja kimoja. Vumbi, vurugu tupu. Nikaleta makopo manne. Mekundu huku, meupe huku, meusi, ya madoadoa. Nikafunga vifuniko. Yaani stoo ikapendeza.

— Sasa kosa liko wapi?

— Leo kaingia yule dada wa maabara. Kaona makopo, kakaa chini. Sakafuni, jamani. Ananiambia kila bahasha ilikuwa mche mmoja, na daktari anachora ramani.

Breki, dereva wa lori aliyestaafu, alisogeza kofia nyuma.

— Ramani ya maharage? Hapo nimekuelewa. Anataka kujua yamepita barabara gani. Mimi nimeyabeba miaka ishirini, wangeniuliza tu.

— Si barabara. Ramani ya humo ndani ya harage lenyewe.

Usafi akaeleza kama alivyoelezwa, na kadiri alivyoeleza ndivyo yeye mwenyewe alivyozidi kupotea. Daktari alioanisha harage jekundu na harage jeupe. Wajukuu wakatoka wa kila rangi na kila namna: huyu mfupi, huyu mrefu, huyu anashikwa na ugonjwa wa kutu, huyu hashikwi. Kila mche ukachumwa jani, likapewa namba, na mbegu zake zikapewa namba hiyohiyo. Jani linasomwa maabara, mbegu zinapandwa, halafu wanalinganisha wajue ni kipande gani cha ndani kinachorithisha nini.

— Kutu, alisema Fundi. Kumbe maharage yana chuma. Yapitishie sumaku, yatajitenga yenyewe.

— Kutu ni madoa ya kwenye majani, Fundi.

— Basi yamwage mezani uyaache mpaka asubuhi. Ndugu hujuana. Mimi shangazi yangu nilimtambua stendi kwa kisogo tu, na sikuwahi kumwona.

— Maharage hayana visogo, alisema Breki. Usafi, sikiliza. Sema ni panya.

— Panya gani anafunga vifuniko?

Breki akafikiri.

— Panya wa maabara.

Usafi hakucheka. Alitamani sana mmoja wao awe amepatia, hata Breki. Aliona aibu, maana siku ile alipomaliza kupanga alisimama mlangoni mwa stoo na kujisifu peke yake. Sasa anaambiwa alichovuruga ni kazi ya daktari ya miaka minne.

Mshonaji nguo wa ng'ambo ya barabara akaja kuchukua kandambili yake. Aliuona mfuko uko wazi, umejaa bahasha tupu zilizokunjwa vizuri, na juu yake maharage mekundu kiasi. Akaokota bahasha moja.

— Hii imeandikwa sabini na mbili. Maharage yake yapi?

Fundi akaweka sindano chini. Breki akachungulia kikombe chake, akakuta mashapo ya kahawa tu. Muuza kahawa aliyekuwa pembeni akatikisa birika, akaliona jepesi.

— Kwani nimeuliza vibaya?

— Hapana, shemeji, alisema Usafi. Umeuliza vizuri.

Akainuka taratibu ili benchi lisipinduke, akasogea hatua tatu, akapiga simu.

— Shikamoo, baba, daktari aliitikia kwa furaha. Nilitaka kukupigia mimi. Mlinzi kaniambia stoo inang'aa. Kesho uje na kitambulisho, tuandikishane mkataba.

Usafi akawageukia wenzake. Wote walikuwa wanamtazama yeye, na Breki alikuwa anatingisha kichwa kwa nguvu kumwambia anyamaze.

— Marahaba, mwanangu. Umekaa?

— Nimesimama. Kwa nini?

— Kaa kwanza. Nilimwaga maharage kwenye makopo nikayachanganya kwa rangi. Bahasha ninazo hapa, hazina kitu.

Upande wa pili kiti kilivutwa.

— Bahasha ngapi, baba?

Usafi akautazama mfuko, ingawa hesabu alikuwa nayo kichwani tangu mchana.

— Zote, alisema.