Birika Chini ya Antena

Kuna jambo ambalo hadi leo sijalifumbua: namna watu wazima wanavyoweza kukaa juu ya waya, visigino vikiugusa, kisha wakabishana mchana kutwa umeme unakwenda wapi. Benchi letu liko mtaa wa Cimpunda, limeegemea ukuta wa antena ya simu, na Maman Eulalie anatuuzia kahawa hapo. Gracien, mlinzi wa antena, tunamwita Commandant kwa ajili ya filimbi yake. Philémon, fundi viatu, ni Parabole, yaani dishi la televisheni, maana hunasa kila habari. Josué alifundisha jiografia. Yeye ni Profesa. Siku hiyo mtaa haukuwa na umeme tangu juzi, jenereta ya antena ilikuwa imeharibika, na rezo, yaani mtandao wa simu, imepotea tena. Fabiola, binti wa Eulalie, alikuwa hospitali ya Katana akingoja kujifungua mtoto wake wa kwanza. Kila alipomimina kikombe, mama yake aliitazama simu.

— Bado? Parabole akauliza.

— Bado, papa. Hata mustari moja ya rezo haiko.

— Ni ile antenne ya ng'ambo ya muto Ruzizi. Iko na nguvu, inavuta rezo yetu yote.

— Rezo njo mbuzi, banaivuta na kamba? Profesa akacheka. Ni gaz ya ziwa. Jua ikipiga, gaz inapanda, maneno yetu inazama mule.

— Basi samaki njo banapokea simu zetu!

— Banapokea. Banakosa tu vidole bya kujibu.

Tulicheka. Eulalie hakucheka.

— Commandant, weye unalala ku mulango ya ile antenne. Sema.

Gracien akanyoosha mgongo. Alipenda kuulizwa.

— Mule ndani kuko boîte moja, sanduku kidogo tu, lakini njo chef. Courant ya mutaa ikikatika, inaamuru batterie zibebe kazi. Zikianza kuchoka, inaita groupe, ile jenereta. Groupe ikikataa, boîte inabaki inapima batterie tu. Ikiona zimeshuka sana, inakata rezo yenyewe.

— Inatukata sisi?

— Inalinda batterie, maman. Zikiisha kabisa, zinakufa, hazifufuke tena.

— Na nini inazimaliza mbio hivi? Zamani zilikuwa zinapitisha usiku muzima.

Gracien akapuliza kahawa yake, ingawa ilikwisha kupoa.

— Bantu banapiga simu sana.

— Ni vidéo! Parabole akadakia. Na wafu pia. Kuko tajiri mumoja balimuzika na simu zake zote. Mupaka leo ziko zinatafuta rezo mule chini.

Birika likaanza kuimba. Eulalie akatumiminia tena.

Pikipiki ikasimama mbele yetu. Alikuwa David, mume wa Fabiola, vumbi la njia ya Katana hadi kwenye kope.

— Maman, tunakupigia tangu asubui!

— Fabiola?

— Alizaa. Mutoto iko muzima. Lakini balimupasua, maman. Alikataa kuingia mu salle ya kupasulia, alitaka kwanza asikie sauti yako. Tulipiga, tukapiga. Docteur akasema hatuwezi kungoja tena. Aliingia akilia.

— Na sasa?

— Damu ilipotea mingi. Hajaamuka.

Eulalie akatafuta mahali pa kuweka birika. Macho ya David yakalifuata.

— Njia yote mupaka hapa sikuona duka hata moja iko na courant. Hii birika inachemuka na courant ya wapi?

Waya ulitoka kwenye birika, ukapita chini ya benchi, ukaingia tundu la ukuta hadi kibanda cha Gracien, ambacho hula betri zilezile za antena hata rezo ikikatwa. Aliuvuta kwa wema, Eulalie asihangaike na makaa. Sote tulimpongeza, Parabole ndiye aliyeufunika kwa changarawe. Boîte ilikuwa imekata rezo ili kulinda betri, na sisi tulikuwa tunazichemshia kahawa. Kikombe changu kilikuwa bado cha moto. Nilishindwa kukinywa, nikashindwa pia kukiweka chini.

— Maman, Gracien akaanza.

— Nyamaza kwanza, papa.

Tukaamua palepale: waya utoke, kahawa irudi kwenye mbabula ya makaa, Gracien akamweleze mkubwa wake yeye mwenyewe. Gracien akainama auchomoe. Eulalie akamsogeza taratibu, akauchomoa kwa mkono uleule uliotumiminia, akamwaga maji, akapanda nyuma ya David. Rezo haikurudi, boîte hungoja kwanza betri zishibe. Gracien akaukunja waya, akauweka kwapani, akaenda kwa mkubwa wake kwa miguu, kwa kuwa hapakuwa na namna ya kumpigia.