Nukta Nyekundu ya Bi Severina

Bi Severina, fundi sanifu wa maabara ya fizikia hapa chuoni Mbeya, anastaafu tarehe 30 Juni 2025 baada ya miaka thelathini na mitatu kazini. Maabara yake niliiokoa mimi, Anyelwisye, mlinzi wa mlango wake. Haya, nimedanganya: nusura niiue.

Alitoka Iringa kuja kushikilia nafasi ya mtu kwa miezi mitatu tu. Mnaona ilivyokuwa mirefu. Mizani yake aliiunda mwenyewe: uzi wa chuma usioonekana bila kukodoa macho, umebeba kijiti chenye kioo kidogo. Mwanga wa leza unagonga kioo, unaruka hadi ukuta wa pili, unakuwa nukta nyekundu. Weka bawa la mbu kwenye kijiti: kinainama kidogo mno, lakini nukta kule mbali inasogea, naye anasoma uzito kwenye mistari. Mimi niliishia darasa la tano na nimeelewa. Wapo wenye digrii bado wanauliza.

Machi 2019 walikuja wakaguzi watatu na kipande cha bati jembamba. Uzito wake waliujua wao tu, umefungwa kwenye bahasha. Akikosea, mizani inafutwa na chumba kinakuwa stoo ya viti. Walimpa hadi saa sita mchana.

Saa tano nukta ikagoma kutulia. Akazima feni, akafunga madirisha, akawavua watu viatu. Wapi. Inakwenda kushoto, inarudi, taratibu. Mkaguzi mmoja akatazama saa, akasema ni malori ya barabara ya Zambia.

"Lori hutetemesha harakaharaka," akajibu Bi Severina, macho kwenye nukta. "Huyu ni mtu anasinzia."

Akatoka. Nilikuwa kwenye kiti nje ya mlango, nimeegemea ukuta wa maabara, kichwa kinakwenda na kurudi.

"Mzee Anyelwisye, amka. Kasimame getini mpaka nikuite."

"Mvua inanyesha, mama."

"Basi utalowa."

Zilibaki dakika kumi nukta ilipotulia. Akasoma, akarudia kusoma, akaandika namba. Bahasha ikafunguliwa: namba ile ile. Walipouliza nani alikuwa anasinzia, akawaambia jengo ni la zamani. Ndiyo maana bado nalinda hapa, na Philbert anayempokea kazi amekuta mizani, si viti.

Asante, Bi Severina. Iringa ikupokee kwa furaha, na mahindi yako yastawi bila mkaguzi. Ila siku ile, uliponiona natetemeka kwa baridi, uliniahidi kunipimia unywele wangu mmoja wa mvi. Miaka sita sasa imepita. Kabla hujakabidhi funguo, niite, nitakuja nimeshaung'oa.