Historia ya Mkasi, Aliyeanza na Walionyamaza

Waombolezaji wenzangu, nanyi wa kikosi cha zimamoto mliosimama nyuma kwa kukosa viti, mimi ni shemeji wa marehemu, kaka wa mkewe, na kazi hii nimepewa na wanawe mapacha, waliosema kwamba hawamjui baba yao kiasi cha kumsomea historia yake mbele za watu, na kwa nini hawamjui mtasikia.

Marehemu, ambaye wengi wetu tulimwita Mkasi, alizaliwa tarehe 9 Machi 1961 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha matofali, mtoto wa tatu wa mchoma matofali na mshona magunia, akasoma shule ya msingi ya jirani kuanzia 1968 hadi 1974, kisha sekondari hadi 1978, ambako alisimamishwa masomo mara mbili kwa sababu ya ngumi, maana mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko ulimi.

Tarehe 1 Februari 1984 aliajiriwa zimamoto, na huko hasira zake zikapata kazi, akavunja milango kwa shoka, akapasua vioo, na mwaka 1997, mapipa ya kiwanda cha rangi yalipolipuka, alitoka akimburuta mlinzi ambaye ngozi ya mikono yake ilichunika ikabaki viganjani mwa Mkasi. Koti lililomkinga siku hiyo lilikuwa la kitambaa kilichotokana na mavazi ya wasafiri wa anga, mtungi wake wa hewa ulikuwa mwepesi kwa ufundi wa matangi ya roketi, na ule mkasi wa kukatia vyuma uliompa jina ulisukumwa na fataki ndogo, ya jamii ile ile inayotenganisha vipande vya roketi huko juu. Alipenda kututania kwamba yeye hata ndege hajawahi kupanda, ila wakubwa walihangaika kwenda mwezini ili apate kitu cha kung'olea milango ya magari. Ukutani mwa kituo aliandika kanuni yake kwa rangi nyekundu: anayelia ana pumzi, anza na aliyenyamaza.

Alifunga ndoa na dada yangu, karani wa posta, tarehe 17 Desemba 1988, na tarehe 2 Juni 1991 wakajaliwa mapacha, wa kike na wa kiume. Dada alikuwa akisema kwamba mume wake hufungua kopo la maziwa kana kwamba kuna mtu amenaswa ndani.

Karatasi niliyopewa inasema tu kwamba dada alifariki kwa ajali tarehe 14 Agosti 2004, na yanayofuata nimeyaandika mwenyewe jana. Gari niliendesha mimi, kwa kasi, nikalikita nyuma ya lori la kokoto lililosimama, usukani ukanikaba koo, chuma cha mlango kikamwingia dada tumboni, na zamu ilikuwa ya Mkasi. Dada, kwa nilivyoambiwa baadaye, alikuwa akipiga mayowe, akimwita Baba Pacha, Baba Pacha, na mimi nilikuwa kimya, damu imenijaa mdomoni. Mkasi wa kukatia vyuma ulikuwa mmoja. Dereva wa gari la zimamoto, ambaye yupo hapa, anasema marehemu alisimama kati ya milango miwili kwa muda wa kuvuta pumzi moja, kisha akakata upande wangu huku mkewe akimwita, na alipokwisha kunitoa na kunizungushia lile blanketi jembamba la rangi ya fedha, ambalo nalo asili yake ni vyombo vya angani, dada alikuwa ameacha kuita.

Tulimzika tarehe 28 Agosti, na pale kaburini nilimpiga Mkasi kwa koleo, nikamvunja taya sehemu mbili, nikawatangazia watu kwamba nilikuwa macho ndani ya gari, na kwamba nilimsihi aanze na dada yangu, akakataa. Ulikuwa uongo mtupu, sikusikia lolote hadi nilipozinduka ndani ya blanketi, lakini nilihitaji mtu wa kubeba kosa langu. Taya lake lilifungwa kwa waya wiki sita, na alipoweza kusema, uongo ulikuwa umeshakaa kitako, mapacha wamehamia kwangu, na alipokuja getini kwangu kuwaona, mwanawe wa kiume alimpasua paji la uso kwa jiwe. Dereva alitaka kuusema ukweli, Mkasi akamkataza, akisema watoto wameshampoteza mama, wasije wakampoteza na mjomba.

Njia ya mwongo ni fupi, walisema wahenga, ila yangu imekwenda miaka kumi na minane.

Moshi ulimla mapafu, akastaafu 2019, akalazwa tarehe 11 Januari 2023, nami nilifika hadi mlango wa wodi tarehe 2 Februari nikageuza, nikijiambia nitarudi, na kesho yake, saa kumi alasiri, akafariki.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya kifua, majirani waliompelekea uji miaka ile aliyoishi peke yake, kikosi chake chote, na dereva kwa kuitunza siri ambayo haikustahili kutunzwa.

Wapwa zangu, baba yenu hakumtupa mama yenu, alinifuata mimi kwa sababu sikuweza kuomba, na mkitaka kuokota jiwe, mimi nipo hapa.

Shemeji, leo sisi sote tunalia, tuna pumzi, tunaweza kungoja. Aliyenyamaza ni wewe, kwa hiyo tumeanza na wewe. Pumzika sasa, kwa amani niliyokunyima.