Mwalimu Phanuel Shikanga na Alama Tatu za Moyo Wake

Jumanne, tarehe 11 Juni 1996, saa tatu na dakika ishirini asubuhi, Mwalimu Phanuel Shikanga alitolewa damu, vichupa viwili, katika kliniki ya moyo jijini Nairobi. Wasifu huu unaanzia hapo kwa sababu maneno yaliyosemwa hapa matangani wiki hii yameanzia hapo pia.

Alizaliwa Navakholo tarehe 5 Agosti 1942, kifungua mimba wa Mzee Shikanga. Alisoma shule ya misheni iliyokuwa karibu na nyumbani, na mwaka 1958 akawa wa pili katika tarafa kwenye mtihani wa darasa la nane. Yule aliyekuwa wa kwanza, Mwalimu alimtaja kwa jina, bila kumsamehe, hadi mwisho wa maisha yake.

Mwaka 1961 aliingia chuo cha Bukura kusomea kilimo. Alikuwa bwana shamba Lugari, kisha Januari 1974 akarudi Bukura kufundisha. Wanafunzi walimjua kwa kalamu nyekundu. Hakumwongezea mtu hata nusu alama kwa huruma, lakini aliyepanda kutoka arobaini hadi hamsini, Mwalimu alimfuata bwenini kumpa mkono.

Tarehe 14 Desemba 1968 alimwoa Rosebella wa Lurambi. Huyu ndiye mtu pekee aliyeweza kumsahihisha Mwalimu naye akakubali, ingawa si siku ile ile.

Aprili 1996 alianza kuishiwa pumzi, na mara moja alizimia shambani. Nairobi walimpiga picha ya moyo: mlango wa kutolea damu kwenda mwilini, valvu ya aota, ulikuwa umekuwa mgumu na kubana vibaya. Moyo wenyewe bado ulisukuma vizuri. Madaktari waliokuwa wakifanya utafiti walimwomba damu kila miezi sita, wapime kitu ambacho moyo hukimwaga kwenye damu unapoelemewa. Alikubali mara moja. Alipenda kupimwa.

Kipimo cha kwanza kilikuwa 96. Aprili 1997 ilikuja barua yenye cha pili: 214.

“Mama Navalayo, chinja ingokho!” alimwambia Rosebella akiingia jikoni. “Nimepanda zaidi ya mara mbili!”

“Nani amekusahihishia?”

“Moyo wenyewe.”

Kuku aliliwa. Mwezi wa Mei alipaswa kurudi kliniki, akakataa. “Mimi nimepita. Waite walioanguka.”

“Baba Navalayo,” Rosebella akamwambia, “mtu aliyepita mbona anapumzikanga mara tatu kabla ya kufika chooni?”

Alimsumbua hivyo miezi minne. Septemba alimfungia nguo zake kwenye begi na kusimama nalo barabarani hadi akamfuata. Huko daktari alichukua karatasi, akacheka kidogo, kisha akaacha kucheka. “Mwalimu, kwenye mtihani huu mwenye alama ndogo ndiye bora.” Kipimo cha tatu kilikuwa 480. Picha mpya ilionyesha nguvu ya moyo imeshuka kutoka asilimia sitini hadi thelathini na nane. Damu ilikuwa imeonya mapema. Aliyeisoma ndiye aliyekosea. Alipangiwa kupasuliwa tarehe 10 Februari 1998.

Hakuifikia. Alifariki nyumbani Alhamisi, tarehe 15 Januari, saa kumi na moja jioni, Rosebella akiwa amemshika mkono.

Kwetu maiti haishushwi kaburini kabla ya sababu ya kifo kusemwa mbele ya watu. Matangani Masinde, mdogo wake Mwalimu, alimwambia Rosebella yake: “Shemeji, wewe ndiye ulimpeleka. Mtu anyonywe damu miaka miwili, atabaki na nini?” Mwalimu alikuwa amelitarajia neno hilo. Tarehe 2 Januari alimwandikisha bintiye Navalayo maneno haya, akaweka sahihi kwa kalamu nyekundu:

“Damu yote niliyotolewa haijai kikombe cha chai. Mlango wa moyo ndio umenimaliza. Kosa la kusoma zile namba ni langu. Mama yenu aliniambia twende mwezi wa Mei. Ningemsikia, ningepasuliwa mwaka jana. Asiguswe, na boma hili ni lake.”

Masinde alisomewa karatasi hiyo juzi mbele ya wazee wa ukoo. Akauliza: “Ugonjwa huo ni wa ukoo?” Aliambiwa kwamba Mwalimu alizaliwa na valvu yenye vipande viwili badala ya vitatu, na kwamba ndugu wa damu anaweza kuzaliwa nayo vilevile. Akamgeukia Rosebella. “Shemeji, nilikukosea. Mimi pia kilima cha mtoni kimeanza kunishinda.”

Mwalimu ameacha mjane, Rosebella, watoto, Navalayo, Mark na Phoebe, wajukuu watano, na mdogo wake, Masinde. Mungu ampe pumziko lililo jema.

Jumanne ijayo, tarehe 27 Januari, Rosebella atampeleka Masinde Nairobi, naye atatolewa damu.