Bawabu Aliyemwonea Wivu Wembe

Marehemu dada yetu alizaliwa tarehe 9 Machi 1974 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, mtoto wa kwanza wa karani wa stesheni na mshona nguo. Alikuwa na wivu tangu utotoni. Familia imekubaliana jambo hilo lisifichwe, kwa kuwa mwenyewe alishatuonya: "Siku ya kunizika mkinisifia uongo, nitainuka humo humo sandukuni." Mdogo wake alipoletwa kutoka hospitali, alimwinamia, akamkagua, kisha akamuuliza mama, "Huyu analala kwetu hadi lini?" Mdogo huyo ndiye anayesoma maneno haya.

Alianza shule ya msingi mwaka 1981, akakalishwa dawati moja na msichana ambaye kwa ukali wa akili alibandikwa jina la Wembe. Tangu hapo hadi wanamaliza sekondari, Wembe akawa wa kwanza na marehemu wa pili. Walikuwa chanda na pete, lakini matokeo yakibandikwa ukutani marehemu alikosa hamu ya kula. Chuo kikuu walikwenda mbalimbali. Mwaka 1997 marehemu alihitimu masomo ya kompyuta akiwa wa kwanza. "Ila Wembe hakuwepo," alilalamika, "sasa utamu uko wapi?"

Tarehe 16 Agosti 2003 alifunga ndoa na fundi wa lifti aliyekuwa akija kuhudumia jengo la ofisi yao. Fundi anasimulia kwamba neno la kwanza la mapenzi alilosikia kwake lilikuwa, "Na majengo mengine unayokwenda, wanakukaribisha chai akina nani?" Walijaliwa binti mmoja.

Mwaka 2006, akiwa ofisi ya takwimu za hospitali, alianzisha programu ya kukokotoa dozi za dawa za watoto. Aliiacha huria: yeyote aliweza kuichukua, kuirekebisha, na kumtumia mabadiliko. Kila badiliko aliliweka kwanza kwenye tawi la pembeni, yaani nakala ya kujaribia, akalisoma mstari kwa mstari, akaliendeshea majaribio. Likifaulu ndipo alipoliunganisha na tawi kuu, lile lililotumiwa na zahanati. Mfumo ulitunza historia ya nani kaandika nini, hivyo sifa na lawama zote zilikuwa na mwenyewe. Wachangiaji walimwita Bawabu.

Mwaka 2015 badiliko likatoka kwa Wembe, ambaye sasa alikuwa mwandishi wa programu katika mji mwingine. Alikuwa ameandika upya sehemu ya kukadiria dozi kwa uzito, sehemu ambayo marehemu alijivunia kuliko zote. Ya Wembe ilikuwa fupi, safi, na inasomeka kama barua. Marehemu aliisoma mezani pa chakula, roho ikamuuma.

"Kanifuata hadi huku," akamwambia mumewe.

"Kwani kakosea?"

"Angekuwa kakosea ningenuna hivi?"

Akalikalia lile badiliko. Akatunga majaribio magumu ya kulikwamisha, akabuni watoto wa kila uzito, hadi njiti, waliozaliwa kabla ya miezi kutimia. Likapita yote. Ili ajifariji, akayaendesha majaribio yale yale kwenye msimbo wake mwenyewe wa zamani, yaani maandishi ya programu aliyoyaandika yeye. Moja likafeli. Kwa mtoto njiti, msimbo wake ulikuwa ukipandisha dozi mahali pa kuishusha.

Wauguzi hukagua dozi wenyewe kabla ya kuitoa, na hakuna mtoto aliyedhurika. Hata hivyo kosa lilikuwa lake. Hakuna mwingine aliyejua. Angeweza kurekebisha kimya kimya, akalikataa badiliko la Wembe, na sifa zikabaki kwake. Alimwambia mumewe hivyo, bila kupepesa macho.

"Mimi lifti ikiwa na hitilafu naifunga kwanza," mumewe akamjibu. "Kununa nanuna baadaye."

Akazitaarifu zahanati saa ile ile. Akaliunganisha badiliko kwa jina la Wembe, na chini yake akaandika: "Kosa la zamani ni langu. Kazi hii ni nzuri kuliko yangu." Kisha akaingia chumbani akalia, na kwa maelezo yake mwenyewe, alilia kwa wivu tu.

Wembe akapiga simu. "Umenisifia mno, mwenzangu. Unaumwa?"

"Naumwa na wewe."

Februari 2022 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Alipolazwa, alimwita Wembe wodini na kumkabidhi mamlaka ya tawi kuu. Wembe alipopokea badiliko lake la kwanza pale kando ya kitanda, marehemu hakumwachia apumue.

"Endesha majaribio tena."

"Nimeshaendesha."

"Tena." Akangoja hadi yakafaulu. "Bado nakuonea wivu, ujue."

"Kwa lipi tena, na yote haya umeyaanzisha wewe?"

"Wewe utaiona programu ikikua."

Wembe alifunga kompyuta, akamshika mkono, wakakaa hivyo hadi chakula cha mchana kilipoletwa na kikapoa.

Marehemu alifariki dunia asubuhi ya tarehe 3 Juni 2022, mumewe akiwa kando yake. Ameacha mume, binti anayesomea uuguzi, mama mzazi, mdogo wake, na Wembe, ambaye mama ameagiza asomwe hapa, miongoni mwa watoto wake.

Dada, pumzika kwa amani.